Huduma ya ufundi wa spektromita ya masi: fundi aliyepima kwanza

Maabara yetu ya kupima mabaki ya viuatilifu kwenye mazao ilikuwa imesimama siku tisa tulipomwita fundi wa kujitegemea aje kutazama spektromita ya masi, mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa chembe zake, inayofanya kazi pamoja na kromatografia ya gesi, ambayo huzitenganisha kemikali hizo kwanza. Volti za kigunduzi, ambazo mashine hujipangia yenyewe wakati wa urekebishaji, zilikuwa zimepanda kutoka 1,400 hadi 2,800 ndani ya wiki tatu, na muuzaji mmoja tuliyempigia simu alikuwa ametushauri papo hapo tununue kizidisha elektroni kipya, yaani sehemu ya kigunduzi inayokuza ishara, ushauri ambao ungetutoa fedha nyingi na tatizo likabaki palepale.

Fundi huyu hakukimbilia bisibisi. Aliomba taarifa za urekebishaji za miezi sita, akazitandaza mezani, akatuonyesha kwamba kizidisha elektroni kwa kawaida huchoka polepole na volti zake huongezeka kidogo kidogo, ilhali zetu zilipaa ghafla. Akatazama vilele vya gesi ya urekebishaji, yaani alama za chembe za kila uzito kwenye grafu: cha masi 502 kilikuwa kimenywea mno kikilinganishwa na cha 69 na cha 219, lakini vya 18 na 28, yaani maji na naitrojeni, vilikuwa vya chini, kwa hiyo hewa haikuwa inavuja. Kisha akapandisha volti kwa mkono, 100 kwa 100, na kila hatua ishara ilikua kwa mpangilio. Hapo ndipo niliporidhika kwamba kigunduzi na umeme wake ni vizima, ila vilikuwa vinalazimishwa kukuza ishara ya ayoni, yaani chembe zenye chaji, zilizokuwa chache mno.

Mashine ilipopoa na hewa kuingizwa taratibu, tulifungua chanzo cha ayoni, mahali zinapotengenezwa, tukakuta kipande kinachosukuma ayoni kina utando wa kahawia kama sufuria iliyounguza maziwa. Alikisugua kwa unga wa oksidi ya alumini, akakisuuza kwa methanoli, akakikausha na kukirudisha kwa glavu zisizoacha nyuzi. Pampu ilikesha ikivuta, na asubuhi volti zilisoma 1,480.

Kasoro yake ni taarifa ya kazi: ukurasa mmoja, usio na volti za kabla wala za baada, nami nililazimika kuziandika mwenyewe. Kwa maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, hilo si jambo dogo, maana mkaguzi ataziulizia. Nitamwita tena bila kusita, ila safari hiyo nitaidai taarifa kamili kabla hajafunga sanduku lake la vifaa.