Kava jeusi la dumu la bia: uzoefu wangu baada ya kupika mara nne

Wakuu, naomba niongelee hili kava la kufunika dumu la kuchachushia bia lisipigwe na mwanga, maana nilipokuwa nalitafuta sikupata aliyelieleza kwa Kiswahili, na najua tupo wengi huku Marekani tunaojipikia bia nyumbani.

Mimi nipo Minneapolis, naishi apatimenti, dumu langu ni la kioo kisicho na rangi, galoni 5, yaani karibu lita 19, na sehemu pekee yenye nafasi ni sebuleni karibu na mlango wa kioo unaotazama kusini. Mwaka jana mwezi wa tano nilipika bia ya rangi ya dhahabu, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) nikaweka ya kutosha, ikachachuka vizuri, povu likashuka, nikaijaza kwenye chupa za kahawia, nikasubiri wiki mbili, nafungua ya kwanza mbele ya shemeji yangu inatoka harufu ya kicheche. Sio uchachu wala kuoza, kicheche kabisa! Nilimwaga zote na iliniuma sana, siku nzima jikoni na hela ya kimea imepotea.

Nilidhani ni uchafu, kumbe mwanga. Uchungu wa hopsi ukishachemshwa unakuwa kitu ambacho mwanga unakivunja, hasa yuvi (UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho) na mwanga wa bluu, halafu vile vipande vinashikana na salfa iliyomo kwenye bia na hapo ndo harufu inapotokea, na kiasi kidogo mno kinatosha pua kuinasa. Chupa za kahawia zinakinga vizuri lakini yangu ilishaharibikia dumuni. Ndo nikaelewa kwa nini mbege, pombe ya ndizi ya mjomba kule Kibosho, Kilimanjaro, sijawahi kuisikia harufu hii hata ikikaa mchana kweupe, ule uchungu wake ni wa magome ya mti wa msesewe, hopsi haimo.

Sasa kava. Nililipa dola 28, ni kitambaa kizito cheusi, kina zipu ndefu mbele na kamba ya kukaza shingoni. Lilipofika niliweka simu ndani ikiwa imewashwa tochi, nikazima taa zote. Kitambaa hakipitishi kitu, ila kwenye meno ya zipu kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga na shingoni duara zima lilikuwa linawaka. Kwa hiyo zipu naigeuzia ukutani na shingoni nazungushia taulo jeusi.

Halafu nikapika ndogo, nikaigawa kwenye majagi mawili ya galoni moja, moja ndani ya kava, jingine wazi, yote palepale mlangoni siku kumi. La wazi lilinuka kicheche, la ndani ya kava lilikuwa safi, hopsi inasikika vizuri kama malimau. Shemeji alionja bila kuambiwa lipi ni lipi akalisukuma lile la wazi pembeni.

Ninacholalamikia ni joto, na hili waliouza hawakuliandika popote. Hamira ikiwa kazini inatoa joto lake yenyewe na kitambaa kile kinalishikilia, siku ya pili stika ya kupima joto ilisoma digrii 24 wakati chumba kilikuwa 20, kwa bia yangu hiyo ni nyingi. Siku hizi jua likizama nafungua zipu mpaka chini na taa za sebuleni siziwashi, kabla hakujakucha nafunga. Pia huoni povu limefika wapi mpaka ufungue, kwa hiyo chungulia usiku.

Kama una stoo yenye giza au unatumia pipa la stenlesi usinunue, hela yako nunulia hopsi. Ndoo nyeupe ya plastiki bado inapitisha mwanga, hiyo ifunike, hata fulana mbili nyeusi zinasaidia. Ila kwa dumu la kioo kwenye nyumba yenye madirisha makubwa kama yangu ningelinunua tena. Sasa hivi lina bia nyingine, siku ya sita leo, na shingoni nimeshashonea kitambaa cha ziada badala ya lile taulo.