Tiba na dola 200: mapitio ya programu ya STYL, Monrovia

Vita vya Liberia viliisha 2003, lakini uporaji na magenge vilibaki mitaani. STYL, programu ya kuwatoa wanaume wa mitaani kwenye uhalifu, iliendeshwa na NEPI, shirika la Waliberia wenyewe, ikapimwa kwa wanaume 999 waliotolewa maskani na masokoni.

Kila kundi lina watu wapatao 20 na wawezeshaji wawili. Vikao ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila kimoja, kwa wiki nane. Siku zisizo na kikao wawezeshaji huwafuata watu wao walipo, na hapo ndipo kazi inapofanyika. Baadhi ya wawezeshaji waliwahi kushika bunduki au kuishi maisha hayohayo, kwa hiyo si rahisi kuwapiga fiksi.

Tiba yenyewe ni ya kubadili fikra na tabia, nayo ni ya mazoezi zaidi ya mahubiri. Mtu ananyoa, anaoga, anavaa nguo safi, kisha anatumwa benki au duka kubwa, mahali ambapo kwa kawaida angetazamwa kama mwizi. Akirudi, kundi linachambua: alijibu nini, hasira ilianzia wapi, angeondokaje kabla ya kurusha ngumi.

Kisha ruzuku: dola 200 za Marekani, zilizogawiwa kwa bahati nasibu. Wengi walidhani zingeishia kwenye bangi, kumbe sehemu kubwa ilikwenda kwenye biashara, akiba na mahitaji ya nyumbani. Kasoro ni kwamba kipato kilipanda kwa muda mfupi tu, kikarudi chini. Wizi ni mwingi, na mwenye meza ya bidhaa hana pa kuificha. Aliyepata pesa bila tiba hakubadilika sana. Aliyepata tiba peke yake alitulia, lakini athari ikafifia ndani ya mwaka. Waliopata vyote viwili ndio walioendelea: miaka kumi baadaye uhalifu na ukatili wao ulikuwa chini kwa takriban nusu kuliko wasiopewa kitu. Inaelekea ile miezi michache ya kibanda na nguo nzuri iliwapa nafasi ya kuzoea maisha mapya.

Kwa gharama ya takriban dola 530 kwa mtu, ni nafuu. Anayetaka kuiiga asibane bajeti ya kuwafuata watu majumbani, wala asichukue wawezeshaji kwa vyeti. Na awalenge walio wakali zaidi, maana nafuu kubwa ilionekana kwao. Ila asitarajie ajira: hiyo inahitaji mpango mwingine. Programu ya READI ya Chicago, Marekani, kwa mfano, iliunganisha tiba kama hiyo na kazi ya mshahara ya hadi miezi 18.