Kijitabu cha misimu: maana zipo, majira hayamo

Kijitabu hiki cha misimu ya Kiswahili, yaani maneno ya mitaani, nilikinunua kwa shilingi 5,000 kwa machinga wa vitabu pale Posta, Dar es Salaam, na kwa wiki tatu nimekuwa nikikisoma ndani ya daladala, mahali ambapo nusu ya maneno yake husikika bila kufungua ukurasa.

Kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, cha "daladala" chenyewe kimeandikwa kwa uangalifu: sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, jina lililotokana na dola, na makonda waliotoza nauli hiyo wakinadi "dala, dala" ndio waliosababisha jina la nauli kuhamia kwenye gari. Sarafu hiyo hainunui tena hata pipi, lakini jina lingalipo.

Laiti vidahizo vingine vingefuata mfano huo. "Kipusa" ni msichana mrembo, basi. Pembe ya kifaru, ambayo ndiyo maana ya zamani ya neno hilo, haikutajwa, na msomaji hawezi kukisia thamani iliyofichika katika sifa hiyo. "Manamba" amefasiriwa kuwa mpiga debe wa matatu, jambo ambalo ni sahihi kwa Nairobi, ilhali kwa mzee aliyekulia Tanga manamba ni kibarua wa mashamba ya mkonge aliyeletwa kwa mkataba kutoka mbali na kutambuliwa kwa namba, na aliyewahi kuitwa hivyo hakuona mzaha ndani yake. Hata "machinga", jina la mtu aliyeniuzia kijitabu, limeunganishwa na maneno mawili ya Kiingereza, maelezo ya vijiweni tu, kana kwamba Lindi hakuna kabila la Wamachinga.

Kabla ya kuwa istilahi ya maneno ya mitaani, msimu ni majira, kama yale ya kaskazi na kusi. Kwa hiyo ni ajabu kwamba mwandishi haonyeshi, isipokuwa mara chache, neno lilivuma lini na wapi. Gundi nayo ni hafifu, kwani kurasa za herufi M zimeshabanduka.

Mgeni anayetaka kujua kwa nini "mambo" huitikiwa "poa" atafaidika. Mwalimu wa sekondari asikitegemee darasani. Likitoka toleo lenye safu ya mahali na miaka, nitalinunua hata kwa shilingi 10,000.