Kozi ya historia ya tahajia ya Kiingereza: nimeimaliza, nyota 3

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza nyumbani, darasa la tano hadi la saba. Mwezi uliopita kwenye imla binti mmoja kaandika "nife". Nikamsahihisha kuwa ni "knife", akauliza: "Mwalimu, hiyo k inafanya kazi gani?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi utotoni: ndivyo ilivyo, kariri. Jibu hilo likanikera mwenyewe. Usiku nikanunua kozi ya video mtandaoni, masomo 9, shilingi 40,000.

Somo la 2 peke yake limerudisha pesa yangu. Mwalimu anatamka "knight" kama ilivyotamkwa miaka 600 iliyopita: k inasikika, n inafuata, na ile gh iko karibu na kh ya "sheikh". Nimelirudia mara nne. Kumbe Wajerumani wanaitamka k hiyo mpaka leo kwenye Knie, yaani goti, ndugu yake "knee". Sauti ya gh Waingereza wameiacha ikapotea, kwingine ikageuka f, kama kwenye "laugh" na "cough". Sisi nasi kh tumeipunguza: kheri sasa heri, khabari sasa habari. Ila sisi tumebadilisha na maandishi. Wao William Caxton aliwaletea mashine ya uchapaji Westminster mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda huku matamshi bado yanatembea.

Somo la 3 ni herufi zilizochomekwa. "Debt" ilitoka Kifaransa ikiandikwa "dette". Wasomi wakataka ifanane na debitum ya Kilatini, wakaipachika b ambayo watu hawakuwa wakiitamka. "Island" nayo zamani haikuwa na s. Herufi hiyo iliazimwa kwa "isle", neno la Kifaransa ambalo wala si la ukoo wa "island". Kwa hiyo herufi bubu ziko za namna mbili: zilizokuwa zikisema zikanyamaza, na ambazo hazijawahi kufungua mdomo. Hilo sikuwahi kuambiwa chuoni.

Sasa kero. Zoezi la somo hilohilo linauliza ni herufi ipi iliwahi kutamkwa: k ya "knee" au s ya "island". Nikachagua k. Nikapigwa kosa! Nikarudi kwenye video, mwalimu mwenyewe anasema nilichojibu. Nimewaandikia mara mbili, nikapata ujumbe wa mashine wa kunishukuru kwa maoni yangu.

Video hazipakuliki, zinakula bando kama mchwa. Na th wameipitia dakika mbili tu. Kiingereza kinaandika th kwenye "thin" na kwenye "this" wakati ni sauti mbili, zilezile ambazo Kiswahili kimezitenganisha: th ya thamani, dh ya dhahabu. Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi mbili za pekee kwa sauti hizo, waandishi wakawa wanazichanganya ovyo. Mimi hapo nilitaka nusu saa nzima, maana ndipo wanafunzi wangu wanapoandika "dhis".

Masomo ya 7 hadi 9 ni ya kamusi, Johnson 1755 na Webster 1828, yule aliyewapa Wamarekani "color" isiyo na u. Si mabaya, ila unaweza kuyasikiliza huku unachambua mchele.

Kwa mwalimu, nunua. Kwa mwanafunzi wa msingi, hapana, Kiingereza chake ni kigumu. Wakirekebisha lile zoezi nitaongeza nyota ya 4.