Ngao na Sare za Kukodi kwa Maigizo ya Vita vya Lugalo

Kikundi chetu cha hapa Iringa, ambacho huigiza vita vya kale siku za mapumziko, kilikodi mavazi na zana kwa fundi mmoja wa karibu na Soko Kuu kwa ajili ya onyesho la Lugalo, mapigano ya tarehe 17 Agosti 1891 ambamo Wahehe walikivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski.

Ngao ndizo zilizonifurahisha zaidi. Zimetengenezwa kwa ngozi halisi ya ng'ombe iliyokazwa kwenye fito, na mtu anayekimbia nayo mteremkoni hutambua mara moja kwa nini siku ile Wahehe walivizia kwanza na kushambulia kwa karibu, badala ya kujibizana risasi kwa mbali. Mikuki ina ncha za mpira, jambo ninalolipongeza kwa dhati kwa kuwa tunao vijana wadogo. Migolole, yaani mashuka ya kujitanda, nayo ni mizuri.

Kasoro iko kwenye bunduki za mbao. Zimechongwa zikiwa na magazini, yaani kisanduku cha kuwekea risasi kadhaa kwa pamoja, ilhali bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, waliyokuwa nayo askari wa Kijerumani, ilipakiwa risasi moja moja. Kosa hilo si dogo, kwani mtazamaji hawezi kuelewa nguvu ya shambulio la ghafla asipoona jinsi mwenye bunduki alivyohitaji muda wa kupakia upya. Fundi alinisikiliza kwa makini na akaahidi kuzichonga upya. Ngao nitazikodi tena bila kusita.