TAHADHARI: bangili za "GPS" za wazee zinazouzwa Insta, soma hapa kwanza kabla hujatuma hela

Jamani wenye wazazi wanaosahau, au watoto wenye usonji wanaochomoka nyumbani bila kuaga, hii inawahusu. Mimi nimepigwa laki na sitini, na wala hela siyo inayoniuma.

Mama ana dementia. Ikifika saa kumi na moja alfajiri anajifunga khanga yake anaondoka kwenda kuuza vitumbua sokoni Tandika, biashara aliyoiacha zamani hizo. Dada yangu akakuta tangazo, bangili ya GPS, mfuatilie mzee wako popote Tanzania, haitaki laini, haitaki bando, chaji mwaka mzima. Tukalipia kwa lipa namba, boda akaileta mpaka Yombo, tukaiunga na simu yangu, kidoti kikatokea juu ya bati letu kabisa. Tukafurahi weee. Kuanzia hapo tukalegea, hata komeo la chini la geti hatufungi tena, si tunamuona kwenye simu.

Jumanne katoka. Nafungua simu, kidoti kipo nyumbani. Nusu saa nzima nazunguka chooni, uani, stoo, mpaka uvunguni, kisa simu inasema yumo humu humu!! Kumbe mwenzangu yuko Mtoni kwa Aziz Ally anataka kuvuka Kilwa Road, vijana wa boda ndo wamemshika wakanipigia, maana namba yangu dada aliiandika kwa makapeni kwenye pindo la khanga, na tulimchekaga kwa hilo.

Fundi simu kaifungua mbele yangu, ndani kuna kibetri cha mviringo kama cha saa ya ukutani ya kichina na pa kuweka laini hamna. Bluetooth tupu. Ukiachana nayo mita kadhaa simu inabaki inaonyesha pale ilipoisikia mara ya mwisho, yaani siku zote zile nilikuwa najiangalia mwenyewe kwenye ramani.

Ya kweli inasoma satelaiti halafu lazima ikutumie wewe, na itatuma na nini kama haina laini yenye salio? Na inakula chaji, siku moja mbili unachomeka. Kuna nyingine zina laini ila GPS hamna, zinakisia kwa minara, zinaweza kukosea hata kilomita. Na mnaosema AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu, nacho hakina GPS, kinategemea iPhone za wapita njia, labda Masaki, huku kwetu kwenye Tecno utasubiri sana.

Ukitaka kununua, zima bluetooth ya simu yako, mpe mtu hiyo bangili apande daladala vituo vitano sita, uone kidoti kinatembea au kimeganda, muuzaji akikataa ondoka. Na laini sajili kwa kidole chako, usikubali anayokuwekea yeye, atajua mama yako alipo kabla yako.

Nilipolalamika yule muuzaji wangu kaniambia eti "bi mkubwa kaivaa vibaya", halafu block. Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Ila peji imerudi na jina jipya, picha zilezile, mkono wa mzee wa kizungu na bangili ya bluu, na bei sasa hivi kashusha laki na ishirini.