Breki kubwa za Fielder, Malindi: mzigo safi, ila hiyo gereji ngojeni niwaeleze

Nianze na sifa, maana nikianza na hasira sitafika kwenye breki zenyewe. Hizi diski kubwa na kalipa (vibanio vya diski) za pistoni nne nilizoagizia Toyota Fielder yangu ni kitu kingine kabisa. Mimi hupakia abiria Malindi–Mombasa, na anayeijua njia hiyo anayajua matuta yake: unaupita msitu wa Arabuko-Sokoke umetulia zako, mara tuta hili hapa, na nyuma matatu imekuganda. Breki za zamani zilikuwa zikishika moto pedali inazama. Hizi unagusa tu, gari linatii. Kwa breki peke yake nyota tano, na ingekuwapo ya sita ningeitoa.

Sasa gereji. Jina siliandiki.

Boksi lilikuja na karatasi moja, pande mbili, kila bolti na kipimo chake. Breketi za breki hizi, yaani vishikio vya kalipa, ni za aluminiamu, kwa hiyo vipimo vya Toyota havitumiki hapo, na karatasi imesema hivyo kwa herufi nzito. Imesema pia bolti zisafishwe, zitiwe gundi ya kuzuia kulegea, zisiguswe na grisi. Bolti yenye grisi huteleza. Ukiikaza kwa nguvu zilezile inavutika kupita ilivyokusudiwa. Nikampa fundi mkuu mkononi. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, kisha akajifutia oili vidoleni. Nikiwa nimesimama papo hapo!

"Ami, hizi hesabu za Wataliano. Kipimo changu ni mkono huu."

Wallahi ningenyamaza. Mafundi wangapi hufunga kwa mkono na magari yanatembea? Lakini juu ya meza nyuma yake palikuwa na boksi jekundu, limeachwa wazi, na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, imelala ndani. Asubuhi ileile nilikuwa nimemwona akiitumia kwenye pikapu ya Mtaliano mmoja, nati hii, kisha ya upande wa pili, tak, tak, na "signore" kila baada ya neno. Mtaliano aliletewa kiti. Mimi nilikaa benchi lenye mguu mbovu.

"Na ile spana je?" nikamuuliza.

"Ile ya kazi maalumu."

Kazi maalumu! Kama breki si kazi maalumu, maalumu ni nini, kubadilisha wiper? Akafunga breketi kwa mkono wake huo mtukufu huku simu ameibana begani, akija kwenye magurudumu akachukua bunduki ya upepo na kuzipiga nati mpaka gari likatikisika juu ya jeki. Nati za Fielder zinataka nguvu ya kukaza ya Newton mita 103, basi. Hiyo bunduki haijui 103 wala 300.

Siku chache baadaye, karibu na Gede, upande wa kushoto mbele ukaanza. Ngo. Kila tuta, ngo, ngo. Mama mmoja nyuma akasema, "Dereva, gari lako lapiga hodi." Nikaegesha. Wilispana ikagoma, nikaipanda kwa miguu yote miwili, na nati ya pili ikatoka na kipande cha stadi, ile bolti inayoshika gurudumu, imekatika kama muwa. Abiria nikawarudishia nauli wakapanda matatu. Gurudumu lilipotoka, bolti ya chini ya breketi niliizungusha kwa vidole. Vidole! Kalipa ilikuwa ikicheza na imeshachora mstari ndani ya rimu. Yaani palipotaka kukazwa palilegea, palipotaka kiasi pakasagwa.

Nikampigia fundi mkuu. "Barabara zenu mbovu, ami." Akakata.

Hapa ndipo ninapovurugwa, maana aliyeniokoa ni wa gereji hiyohiyo. Kijana wake mmoja, wale wa kutumwa chai, alikuja na bodaboda, boksi jekundu amelipakata. Akatoa gurudumu la upande wa pili pia bila kuambiwa. Akasugua kutu kwenye habu, pale diski inapokalia, kwa brashi ya waya, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haikosi. Diski ikikalia kutu hainyooki hata ukaze namna gani. Karatasi nilikuwa nimeipiga picha. Akaisoma, akauliza swali ambalo bosi wake hakuliwaza: "Baba, hii ni Newton mita au futi-pauni?" Spana ile ina vipimo vyote viwili. Ukiiweka 103 upande wa futi-pauni umekaza karibu Newton mita 140, na stadi zako ndizo zitakazolia. Akamaliza kwa kuchora mstari mweupe wa rangi kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye breketi, ili mistari ikiachana nijue bolti imegeuka. Nati za gurudumu akaniambia nizipime tena baada ya kilomita mia.

Mistari mpaka leo imenyooka. Kwa hiyo nilikuwa nimeipa gereji nyota tatu, nikasema, basi, angalau wana mtu. Halafu nikakumbuka kile kiti. Spana ipo, anayejua kuitumia yupo, na bado mimi nifungiwe kwa simu begani? Nimeshusha mpaka moja, na hiyo moja ni ya kijana, bosi asiiguse.

Breki nunueni, ila spana ya torki iwe mkononi mwa fundi kabla hamjamwachia ufunguo. Stadi nimelipia mimi. Risiti nimemtumia fundi mkuu kwa WhatsApp, ameiona, na jibu lake ni kidole gumba.